Magari yenye macho yaingia Nyeri, jua la jioni layapofusha

KILA jioni, mwendo wa saa kumi na mbili, dereva anayetoka Timau kuelekea Nanyuki huendesha gari huku jua likimpiga usoni. Hushusha kizuia jua kilicho juu ya usukani, hukunja uso, na wakati mwingine huinua kiganja ili angalau aione nyuma ya lori lililo mbele yake. Wakazi wa miji inayouzunguka Mlima Kenya wameizoea hali hii kiasi cha kutoihesabu tena kuwa hatari.

Katika miaka ya hivi karibuni, hata hivyo, baadhi ya magari yanayopita hapo yamekuja na jicho la pili, na jicho hilo halina kope. Ni kamera ndogo, au kamera mbili zilizokaa sambamba, zilizofungwa nyuma ya kioo cha mbele karibu na kile cha kutazamia nyuma. Kazi yake ni kumtambua mtu au gari lililo mbele, kumwonya dereva, na asipoitikia kuamuru breki zishike zenyewe.

Kamera hiyo nayo hupofushwa na jua hilo hilo, saa hiyo hiyo. Teknolojia iliyobuniwa kumsaidia dereva asipoona hudhoofika wakati ule ule ambapo dereva haoni, na hapo ndipo penye uzito wa suala hili.

Watengenezaji wamefanya mengi viwandani kupunguza kasoro hiyo. Yaliyosalia yanategemea usafi wa kioo, stika zilizobandikwa juu yake, gundi iliyotumiwa na fundi aliyekibadilisha. Hayo yote yamo mikononi mwa Wakenya, na usimamizi wake umeachwa nyuma sana na kasi ya magari yenyewe kuingia nchini.

Kuingia kwake hakukutokana na mpango wowote wa serikali wa kuleta magari ya kisasa. Kwa mujibu wa kiwango cha KS 1515 kinachosimamiwa na Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS), gari lililotumika haliruhusiwi kuingia nchini likiwa limepitisha umri wa miaka minane. Mnamo 2025, kwa mfano, yalikubaliwa yale tu yaliyosajiliwa mara ya kwanza kuanzia 2018. Kila Januari mpaka huo husogea mwaka mmoja mbele, na Kenya hujikuta imepokea chochote ambacho Wajapani walikuwa wakinunua miaka saba au minane iliyotangulia.

Walichokuwa wakinunua ni magari yenye macho. Kampuni ya Subaru ilianza kuuza mfumo wake wa kamera mbili uitwao EyeSight nchini Japan mwaka wa 2008. Toyota ilileta mfumo wake wa Safety Sense mwaka wa 2015, na Corolla Axio na Fielder, magari ambayo hayahitaji kutambulishwa kwa mkazi yeyote wa Karatina au Othaya, yalikuwa miongoni mwa ya kwanza kuupata. Hiace, mama wa matatu ya abiria 14, iliwekewa mfumo wa aina hiyo mwishoni mwa 2017.

Kwa hivyo mtu anayenunua Fielder ya 2018 ili aifanye teksi mjini Nyeri amenunua pia kamera na kifaa cha miale ya leza. Yamkini hajui, na aliyemuuzia huenda hakumwambia.

Ili kuelewa kwa nini jua huisumbua kamera, inatosha kumkumbuka mtu anayepiga picha akiwa ameelekea jua linapotua. Picha hutoka na utando mweupe, vidoa vya rangi hujipanga mstari kutoka kwenye jua, na watu waliosimama mbele huonekana kama vivuli. Wataalamu wa lenzi huuita mwanga mpotevu: mwanga usiokuwa sehemu ya picha inayotafutwa, uliofika kwenye kihisi kwa njia zisizokusudiwa.

Njia hizo ni nyingi. Kioo kisichopakwa kitu hurudisha takriban asilimia 4 ya mwanga unaokigonga, katika kila uso wake. Lenzi ya kamera huundwa kwa vioo kadhaa vilivyopangwa mmoja nyuma ya mwingine. Vioo sita vina nyuso 12, na kama hakuna uso uliopakwa dawa, asilimia 61 tu ya mwanga ndiyo hupita moja kwa moja. Sehemu nzuri ya uliosalia hudundadunda baina ya vioo hivyo hadi kidogo chake kuangukia kwenye kihisi, mahali pasipo pake.

Mwanga mwingine hugonga ukuta wa ndani wa mrija wa lenzi. Mwingine hutawanywa na vumbi au mchubuko. Mwingine hutoka kwenye dashibodi, ukapanda hadi kwenye kioo cha mbele na kurejea machoni mwa kamera.

Athari yake si vigumu kuipima kwa akili. Mtu aliyevaa koti jeusi kando ya lami nyeusi hutofautiana na lami hiyo kwa kiasi kidogo tu cha mwanga. Utando mweupe ukitandazwa juu ya vyote viwili, tofauti hiyo humezwa. Programu ya kompyuta inayotafuta umbo la mtu haina cha kushika, kwa sababu habari yenyewe haikufika.

Hii ndiyo maana tegemeo la kwamba kompyuta zenye nguvu zaidi zitamaliza tatizo lina mipaka. Vihisi vya siku hizi vinaweza kupokea, ndani ya picha moja, mwanga na giza vinavyotofautiana kwa uwiano wa milioni moja kwa moja. Lakini uwezo huo hufaa pale tu ambapo lenzi imeleta mwanga ulio safi. Mwanga mpotevu huchanganyika na ule wa kweli kabla ya kihisi kuanza kazi, na chumvi ikishayeyuka ndani ya mchuzi haichotwi tena kwa kijiko.

Wahandisi basi hupambana nao mlangoni. Silaha ya kale zaidi ni dawa ya kuzuia mng'ao, utando mwembamba kuliko urefu wa wimbi la mwanga, ambao hufanya miale inayorudi ifutane yenyewe kwa yenyewe. Alexander Smakula aliigundua mwaka wa 1935 akiwa kampuni ya Zeiss nchini Ujerumani. Matabaka kadhaa ya dawa hiyo hushusha kile asilimia 4 hadi chini ya nusu ya asilimia moja kwa kila uso.

Silaha ya pili ni ya plastiki, na haina fahari yoyote. Chini ya kamera nyingi za kioo cha mbele kuna kifuniko cheusi chenye umbo la koleo, kilichojaa vidaraja vidogo visivyong'aa. Kazi yake ni kuunasa mwanga unaopanda kutoka kwenye dashibodi. Ukikiondoa, gari litatembea kama kawaida na hakuna kitakachogonga wala kulia. Ila kamera itakuwa imevuliwa kofia.

Kwa vifaa vya leza, ambavyo hutuma mwanga wake usioonekana kwa macho na kupima muda unaochukua kurudi, hutumiwa vichujio vinavyopitisha rangi moja tu ya mwanga, mara nyingi karibu na nanomita 905, na kuzuia nyingine zote. Hilo hupunguza jua pasipo kulimaliza, kwa kuwa jua nalo hutoa mwanga wa rangi hiyo. Rada pekee, inayotumia mawimbi ya redio, ndiyo isiyojali jua limechomoza au limetua, na ndiyo sababu magari yenye rada na kamera pamoja huwa na mahali pa kushikilia jicho moja linapofumba.

Ithibati kwamba si nadharia tupu imetoka Marekani. Mnamo Mei 7, 2016, karibu na mji wa Williston katika jimbo la Florida, gari la Tesla lililokuwa likijiongoza liliingia chini ya trela lililokuwa likikata barabara, na aliyekuwa kwenye usukani akafa. Tesla ilieleza kwamba mfumo wa gari haukuutambua ubavu mweupe wa trela mbele ya anga iliyong'aa, na dereva vilevile hakuuona. Wachunguzi wa serikali walitaja mambo mengine pia, likiwemo la dereva kuuamini mfumo kupita kiasi na la mfumo wenyewe kutoundwa kwa magari yanayokatiza mbele. Ila kwamba jicho la mtu na la mashine yalishindwa kwa pamoja ni jambo ambalo halipaswi kusahaulika.

Mnamo Oktoba 2024 idara ya usalama barabarani ya nchi hiyo ilianzisha uchunguzi mwingine uliohusu takriban magari milioni 2.4 ya kampuni hiyo, kufuatia ajali nne zilizotokea pale uoni ulipofifishwa na mng'ao wa jua, ukungu au vumbi. Katika mojawapo ya ajali hizo, mtu aliyekuwa akitembea kwa miguu aliuawa.

Mng'ao wa jua, ukungu na vumbi. Mkazi wa Nyeri akiisoma orodha hiyo atadhani ameandikiwa yeye.

Ukungu hushuka kutoka Nyandarua na mlimani katika miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, na taa za gari linalokuja huugeuza kuwa ukuta mweupe. Vumbi ni la upande wa Laikipia wakati wa kiangazi. Kuhusu jua, eneo hili lina hali ya pekee ambayo haijazungumziwa vya kutosha.

Ikweta hupita ubavuni mwa mji wa Nanyuki. Kwa hiyo mwaka mzima jua huchomoza hapo kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasoro robo asubuhi, na kutua kati ya saa kumi na mbili na dakika 20 na saa moja kasoro dakika kumi jioni. Haliondoki mbali na mashariki na magharibi halisi. Mwezi Juni huegemea nyuzi 23 na nusu kuelekea kaskazini, na Desemba kiasi hicho hicho kuelekea kusini. Barabara iliyonyooka kuelekea magharibi, kama ile ya Nanyuki kwenda Rumuruti, humwelekeza dereva kwenye jua karibu kila jioni isiyo na mawingu.

Barabara kuu kutoka Sagana kupitia Karatina hadi Marua ina nafuu, kwa kuwa sehemu yake kubwa inaelekea kaskazini. Mjini Nyeri kwenyewe safu ya Nyandarua hulificha jua dakika kadhaa kabla ya wakati wake, na wakazi wa Naro Moru hufichwa na mlima asubuhi. Hizo ni fadhila za maumbile ambazo mjini Timau, juu ya uwanda, hazipo.

Tofauti na Ulaya ni kubwa. London mwezi Desemba, jua la adhuhuri halipandi zaidi ya takriban nyuzi 15 juu ya upeo wa macho, hivi kwamba dereva anaweza kusumbuliwa nalo tangu asubuhi hadi jioni. Nanyuki jua hupanda wima, na nyuzi hizo 15 hulimaliza kwa muda wa saa moja tu. Hatari hapa ni fupi kuliko ya huko, ila haipumziki msimu wowote, na saa yake ndiyo ile ambayo wanafunzi, wafanyakazi wa mashamba ya maua na wauzaji wa sokoni huwa kandokando ya barabara.

Jambo lenye saa maalum na mahali maalum linaweza kupangiwa. Chama cha matatu kinachojua kwamba magari yake hulikabili jua saa kumi na mbili kinaweza kuamuru vioo vifutwe, ndani na nje, saa kumi na moja. Gharama yake ni ndoo ya maji na kitambaa safi. Kila alama ya tone la matope na kila mkwaruzo wa waipa iliyochakaa huwa taa ndogo pindi jua linapoiangukia, na kamera huona taa hizo kabla ya kuona barabara.

Kwa bahati mbaya, desturi za barabarani zinaelekea upande mwingine. Kioo cha mbele cha gari la uchukuzi wa umma nchini kimekuwa ubao wa matangazo. Kuna stika ya bima, ya ukaguzi, ya leseni ya barabara, jina la chama, aya ya dini, na utepe wa giza uliopakwa juu kuanzia pembe hadi pembe. Ni nadra kumpata fundi anayejiuliza kabla ya kuushusha utepe huo kama kuna kamera nyuma yake.

Kisha kuna mafuta ya kung'arisha dashibodi. Waosha magari wa kutoka Chaka hadi Kerugoya wanajua kwamba mteja hufurahia dashibodi inayometameta kama kiatu kipya. Mwongozo wa mfumo wa EyeSight unaonya waziwazi kwamba kupaka vitu vya kung'arisha juu ya dashibodi, au kuweka vitu juu yake, kunaweza kuifanya kamera ishindwe kutambua kilicho mbele kwa sababu ya mng'ao unaojitokeza kwenye kioo. Wahandisi walitumia miaka wakitengeneza kile kifuniko cheusi cha vidaraja. Mafuta ya shilingi chache hukipa kazi isiyo yake.

Hata hivyo, hakuna kinachoharibu zaidi kuliko kubadilisha kioo chenyewe. Malori ya kokoto hayaishi, kokoto hurushwa na magurudumu, na vioo hupasuka. Kioo cha gari lenye kamera si kioo tu: eneo lililo mbele ya lenzi linatakiwa kuwa na uwazi na unyoofu wa hali ya juu, na kishikilio cha kamera kinatakiwa kukaa mahali pake hasa. Kioo cha bei nafuu kikiwa na mawimbi hapo, au gundi ikivuja ikaacha ukingo unaong'aa, mwanga mpotevu huwa umefunguliwa mlango ambao kiwanda kiliufunga.

Isitoshe, kamera iliyorudishwa ikiwa imepinda kwa nyuzi moja tu huona kitu kilicho mita 50 mbele kikiwa kimesogea takriban sentimita 87 kutoka kilipo. Huo ni upana wa kutosha kumhamisha mtu kutoka ukingo wa barabara hadi kwenye njia ya gari, au kumtoa kwenye njia akaonekana yuko salama. Ndiyo maana kamera hulazimika kulinganishwa upya kwa mbao maalum na kompyuta kila kioo kinapobadilishwa, kazi ambayo mafundi wanaoifahamu huiita kalibresheni.

Japan yenyewe haiachi jambo hili kwa hiari ya mtu. Tangu Aprili 2020, karakana inayobadilisha kioo chenye kamera au kugusa vihisi vya aina hiyo inahitaji idhini mahususi ya serikali. Kuanzia Oktoba 2024, ukaguzi wa lazima wa magari nchini humo ulianza kujumuisha kusoma kompyuta ya gari, kwa magari mapya ya matoleo ya kuanzia mwishoni mwa 2021, ili kubaini kama mifumo hiyo ina hitilafu.

Gari lilelile likishavuka bahari, kioo chake kinaweza kubadilishwa kando ya barabara kwa kamba, gundi na nusu saa ya subira. Aliyekibadilisha halaumiki; hakuna aliyemfundisha, na hakuna anayemuuliza. Bima nayo kwa kawaida huweka kikomo cha fedha za kioo, kikomo kilichopangwa enzi ambazo kioo kilikuwa kioo.

Tatizo lingine linachekesha hadi mtu atakapolitafakari. Mfumo wa EyeSight unapozidiwa na mwanga unaoukabili hujisimamisha kwa muda na kumtangazia dereva kwamba umejisimamisha. Hutangaza kwa Kijapani. Dereva wa Mukurweini huona maandishi yakimulika kwenye dashibodi, huyachukulia kama alivyozoea kuyachukulia tangu siku aliyolitoa gari Mombasa, na huendelea na safari yake akiamini, kama anaamini chochote, kwamba gari linamlinda.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mazungumzo ya matajiri. Watasema kwamba Wakenya hufa barabarani kwa sababu ya mwendo wa kasi, ulevi, magari mabovu na bodaboda zisizo na taa, na kwamba kamera haimo katika orodha hiyo. Wanayo hoja. Kwa mujibu wa NTSA, Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama Barabarani, watu 4,748 walifariki katika ajali za barabarani mwaka wa 2024, na sehemu kubwa mno ya vifo hivyo haihusiani kwa vyovyote na lenzi.

Ni kweli pia kwamba hatua za kawaida zina faida ya haraka zaidi. Upanuzi wa barabara ya Kenol hadi Marua, kilomita 84 zilizoanza kutengenezwa upya mwaka wa 2020, unatenganisha magari yanayokwenda na yanayorudi, na hivyo kumpunguzia dereva, na kamera, makali ya taa zinazomjia ana kwa ana usiku. Kuzuia uuzaji holela wa taa zinazofungwa bila kupangwa mwelekeo kungesaidia macho yote, ya mtu na ya mashine.

Lakini hoja hiyo inamsahau mmoja. Watembea kwa miguu ndio kundi linalopoteza watu wengi zaidi katika barabara za Kenya, na breki inayojishika yenyewe ni mojawapo ya vifaa vichache ndani ya gari vilivyowekwa kwa ajili ya mtu aliye nje yake. Mkanda humlinda aliyeketi. Kamera inayoona ndiyo pekee inayomjali mtoto anayevuka pale Kiganjo, ambaye hakuchagua gari, hakulipia kioo na hana habari kama dashibodi imepakwa mafuta. Punda wa mkokoteni ni suala lingine kabisa.

Hatari iliyo kubwa zaidi ni ya nusu ya njia: kuwa na mfumo unaofanya kazi adhuhuri na kushindwa jioni. Dereva ambaye mara mbili au tatu ameona gari likishika breki lenyewe mchana huanza kuliachia mzigo. Siku atakapolihitaji kweli, jua likiwa mbele, hakuna atakayekuwa macho kati yao wawili.

Nafasi ya kurekebisha mambo ipo. Mwaka wa 2025 NTSA iliwasilisha kwa umma rasimu ya kanuni mpya za ukaguzi wa magari, ambayo ilipendekeza vituo vya watu binafsi vipewe leseni na magari ya kibinafsi yaliyopitisha umri wa miaka minne yakaguliwe pia. Mjadala uliozuka ulihusu ada na usumbufu, jambo linaloeleweka. Wachache walishughulika na swali la kitakachokaguliwa.

Ukaguzi wa macho ya gari hauhitaji maabara. Mkaguzi anaweza kutazama kama eneo la kioo lililo mbele ya kamera ni safi na halina stika, mkwaruzo wala utepe wa giza. Anaweza kuthibitisha kwamba kile kifuniko cheusi kipo. Anaweza kuunganisha kifaa cha kusomea kompyuta, ambacho karakana nyingi za Nyeri tayari zinacho, na kuona kama mfumo una hitilafu au umezimwa. Dakika kumi zinatosha. La kalibresheni ni ghali zaidi, na hapo busara ni kuanza na mji mmoja kabla ya kuwatwisha mafundi wote wa nchi mzigo wa mitambo.

Mji huo unaweza kuwa Nyeri. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kilichopata hadhi ya chuo kikuu kamili Desemba 2012, hufundisha uhandisi unaounganisha mitambo, umeme na kompyuta. Nyeri National Polytechnic hufundisha mafundi. Ndani ya eneo la chuo hicho kikuu ipo pia Semiconductor Technologies Limited, kampuni ya vifaa vya semikondakta ambayo upanuzi wake uliahidiwa fedha za upembuzi yakinifu na serikali ya Marekani mwaka wa 2024. Ujuzi wa kutandaza matabaka membamba ndani ya chumba kisicho na vumbi ni jamaa wa karibu wa ule unaopaka lenzi dawa ya kuzuia mng'ao.

Hakuna anayetarajia Nyeri iwatengenezee Wajapani kamera. Kinachowezekana, na kwa haraka, ni kozi ya wiki chache kwa wabadilishaji vioo, kituo kimoja cha kalibresheni kinachotoza ada ambayo mwenye Fielder anaweza kuimudu, na vipimo vya kweli vya jinsi kamera hizi zinavyofanya kazi saa kumi na mbili jioni katika barabara ya Rumuruti. Wenye magari huzijaribu kamera hizo bila kujua kila siku jua linapotua. Kinachokosekana ni mtu wa kuandika matokeo.

KEBS nayo ina sehemu yake. Magari hukaguliwa Japan kabla ya kupakiwa melini, na huko ndiko vifaa, mafundi na lugha ya kusoma onyo la Kijapani vinakopatikana kwa urahisi. Kudai cheti kionyeshe kama kamera na leza zinafanya kazi, na kama kioo kimewahi kubadilishwa, kungempa mnunuzi habari ambayo sasa huipata kwa ajali.

Muda uliopo unahesabika. Japan ililazimisha breki zinazojishika zenyewe katika magari mapya ya abiria ya matoleo mapya tangu Novemba 2021, na kwa matoleo ya zamani yaliyokuwa yakiendelea kuundwa nchini humo, kuanzia Desemba 2025. Ikiwa kanuni ya miaka minane haitabadilishwa, kufikia 2033 karibu kila gari dogo lililotumika litakaloshushwa Mombasa kutoka Japan litakuwa na jicho nyuma ya kioo chake cha mbele.